Mishahara ya chini ya kutosha

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Antwerp, Ubelgiji. Chama chetu cha wafanyakazi kimetupa watu watatu kazi ya kuandaa kipeperushi cha Kiswahili kuhusu sera za kazi za Umoja wa Ulaya, maana wenzetu wengi wametoka Kongo na Burundi. Tumekwama kwenye sentensi moja. Niliandika: "Ukosefu wa usawa wa mapato utashughulikiwa kupitia mishahara ya chini ya kutosha na majadiliano ya pamoja." Mwenzangu wa Dodoma anataka "tofauti ya vipato", wa Bukavu anashikilia "pengo". Tuandike lipi? Na je, "usalama wa jamii" ni sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mmekaa watatu mnagombania mlango wa mbele, na nyumba inaungua nyuma. Hayo ya usawa, tofauti na pengo nitayafikia. Kwanza soma tena kwa sauti maneno haya: "mishahara ya chini ya kutosha". Mimi nilimsomea fundi viatu anayekaa nje ya ofisi yetu, bila kumwambia yametoka wapi. Alisimamisha sindano akauliza, "Yaani watalipwa chini ya kinachotosha? Si ndivyo tunavyolipwa siku zote?"

Fundi hakukosea. Sikio la Mswahili likisikia "chini ya", linangoja kitu kinachofuata: chini ya mwembe, chini ya miaka 18, chini ya kiwango. Likaja neno "kutosha", sikio likaunganisha: chini ya kutosha. Asiyeunganisha hivyo atasikia jingine, kwamba kuna mishahara midogo, tena tele, kama tunavyosema mchele wa kutosha. Maana uliyoikusudia wewe iko nyuma kabisa ya foleni.

Kila neno katika maneno hayo ni zuri likiwa peke yake. Kilichokuponza ni kupanga a-unganifu moja baada ya nyingine, ya, ya, ya, mpaka msomaji hajui ipi inamsifia nani. Kiswahili kina dawa yake, nayo ni kirejeshi, yaani kitenzi kinachobeba alama ya jina kinalolirejelea. Andika "kima cha chini cha mshahara kinachotosha". Hiyo "ki-" ya "kinachotosha" imeshikana na kima, haimwachii mtu nafasi ya kubahatisha. Ungetaka kuusifia mshahara ungesema "unaotosha". Lugha nyingi za huko Ulaya hazina upatanisho wa namna hii, kwa hiyo ukitafsiri neno kwa neno unaiacha zana yako nyumbani na kuazima ya jirani iliyo butu.

"Kima cha chini cha mshahara" ndilo jina lenyewe. Tanzania ndivyo amri za serikali zinavyoandikwa, na Kenya, hata wanaopenda kusema "kiwango cha chini", wanalielewa mara moja. "Mshahara wa chini" ni kitu kingine: ni mshahara wowote mdogo. Mtu anaweza kulipwa juu ya kima cha chini na bado mshahara wake ukawa wa chini. (Najua kima ni mnyama, na ni nyama ya kusaga pia. Sijawahi kuona mfanyakazi aliyechanganya.)

Sasa hiyo "kutosha". Agizo la Umoja wa Ulaya mnalolieleza, lile la kima cha chini cha mshahara kinachotosha, lililopitishwa tarehe 19 Oktoba 2022, limebeba neno hilo kwenye jina lake, na ndani yake limetoa vipimo ambavyo nchi zinaweza kujipimia: asilimia 60 ya mshahara wa katikati, au asilimia 50 ya mshahara wa wastani, yote kabla ya makato. Hapa ndipo nawaona wafasiri wengi wakiteleza. Wanaandika "wastani" mara zote mbili, au wanaandika "mshahara wa kati", na msomaji anakumbuka "uchumi wa kati" wa kwenye taarifa za habari na kudhani wanazungumziwa watu wa tabaka la kati.

Chukua karakana ya watu watano. Kwa mwezi, wa kwanza analipwa yuro 1,200, wa pili 1,500, wa tatu 1,800, wa nne 2,400, na bosi 9,100. Jumlisha, unapata 16,000. Gawa kwa watano, wastani ni 3,200. Hakuna hata mmoja anayelipwa 3,200, na wanne kati ya watano hawaifikii. Wapange sasa mstari kuanzia mdogo, umguse aliyesimama katikati: 1,800. Huo ndio mshahara wa katikati. Bosi akijiongezea mara mbili, wastani unaruka, wa katikati hautikisiki. Kwa hiyo andika "mshahara wa katikati", na mara ya kwanza ongeza maelezo mafupi: nusu ya wafanyakazi wanapata zaidi yake, nusu wanapata pungufu. Jambo la kuchekesha ni kwamba "wastani" nalo lina asili ya Kiarabu yenye maana ya katikati, ndiyo maana tunasema mtu wa wastani kwa asiye mrefu wala mfupi. Hesabu za shuleni zimelihamisha, na halirudi tena.

Usichanganye pia asilimia 60 hiyo na ile ya takwimu za umaskini. Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja huo, nayo hutumia asilimia 60 ya katikati, lakini ya kipato cha kaya kilichobaki baada ya kutoa kodi na kuongeza mafao, kikigawanywa kwa kuzingatia idadi ya walio nyumbani. Mmoja ni mstari wa mshahara, mwingine ni mstari wa kipato. Anayelipwa vizuri lakini ana watoto wanne na mwenzake hana kazi anaweza kuwa juu ya ule wa kwanza na chini ya huu wa pili.

Nami ndiyo maana nakuomba uachane na "mapato" katika sentensi hii. Si kosa, na Kenya mnalitumia sana, lakini lina harufu ya ushuru na daftari la duka: mapato ya serikali, mapato na matumizi. Kinachoingia mfukoni mwa mtu ni kipato. Mshahara ni sehemu tu ya kipato. Na mshahara wenyewe umezaliwa na neno la Kiarabu la mwezi, ni malipo ya kila mwezi. Hilo halina shida Hispania, ambako kima cha chini kinahesabiwa kwa mwezi (mwaka 2019 kilipanda kutoka yuro 735.90 hadi 900, kikilipwa mara 14 kwa mwaka, waliobuni mwaka wa mishahara 14 walijua raha). Lakini Ujerumani kima ni cha saa. Nchi hiyo haikuwa na kima cha kisheria kwa kila mfanyakazi hadi Januari 2015, ilipoanza na yuro 8.50 kwa saa. Oktoba 2022 kikafika 12. Ukiandika "mshahara wa saa" utaeleweka, watu wamezoea. Mimi mzee ningeandika "ujira wa saa", kwa kuwa ujira hufuata kazi iliyofanyika, si kalenda. Ndilo neno la hadithi ile ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

"Majadiliano ya pamoja" linanisumbua zaidi. Majadiliano yapi yasiyo ya pamoja? Ukijadiliana peke yako unawaza tu. Vyama vya wafanyakazi Tanzania vina jina lao la siku nyingi: mkataba wa hali bora. Uliza mtu yeyote wa kiwandani, atakuambia wamesaini au bado. Kenya magazeti huandika "makubaliano ya pamoja", kwa hiyo kwa kipeperushi chenu ningeandika "mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya malipo na masharti ya kazi kati ya chama cha wafanyakazi na waajiri". Msione uvivu kulieleza, kwa sababu hapo ndipo uzito wa sera yote ulipo. Agizo linataka kila nchi ambayo mikataba hiyo haiwafikii asilimia 80 ya wafanyakazi iandae mpango wa kuipanua hatua kwa hatua. Ubelgiji kwenu imeshavuka zamani. Ujerumani iko karibu na nusu.

Denmark, Sweden, Finland, Austria na Italia hazina kima cha chini cha kisheria kwa nchi nzima. Mtu akisoma tafsiri iliyosema tu "hawana kima cha chini" atadhani huko ni kila mtu na bahati yake. Kumbe mfagizi wa Copenhagen analindwa na mkataba, si na sheria ya bunge. Wadenmark waliulinda kwa wivu utaratibu huo kiasi cha kulipeleka agizo mahakamani mwaka 2023, Sweden ikiwaunga mkono, wakisema mkataba mkuu wa Umoja umeuzuia Umoja kupanga malipo. Novemba 2025 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliacha sehemu kubwa ya agizo isimame, ikafuta vipengele viwili vilivyogusa upangaji wa viwango vyenyewe. Mkitaja kesi hiyo, tumieni "agizo" kama nilivyofanya: "amri" ni kali mno, na "mwongozo" ni laini, wakati chombo hiki kinailazimisha nchi kufika pahala lakini kinaiachia ichague njia.

Turudi sasa mlango wa mbele. Wa Dodoma ameshinda, ila wa Bukavu hajashindwa kabisa. Pengo kwanza ni la meno: jino limeng'oka, pamebaki nafasi kati ya mawili yaliyosimama. Neno hilo linadai pande mbili unazoweza kuzitaja. Pengo la malipo kati ya wanawake na wanaume, sawa kabisa, na ndilo linalolengwa na agizo jingine la mwaka 2023 la uwazi wa malipo, ambalo nchi zilipewa hadi tarehe 7 Juni 2026 kuliingiza katika sheria zao. Pengo kati ya bosi na mfagizi, sawa. Lakini vipato vya watu wote wa nchi, kuanzia wa chini hadi wa juu, si pengo moja, ni ngazi nzima. Kile kipimo cha Gini, kinachoanzia 0 pale wote wanapopata sawa, kinapima tofauti. Pia pengo huzibwa, tofauti hupunguzwa. Ukichagua jina umeshachagua na kitenzi, na umeshawaahidi watu kitu.

"Ukosefu wa usawa" sitakukataza. Nalipunguzia matumizi kwa sababu linaahidi kupita kiasi: mkikosa usawa, dawa ni kuwa sawa. Hakuna sera ya Ulaya niliyoisoma inayosema fundi na mkurugenzi walipwe sawa. Liacheni kwa mambo ambamo usawa ndio haki yenyewe, kama kulipwa sawa kwa kazi ileile.

Sentensi yako basi, kwa mkono wangu: "Njia mojawapo ya kupunguza tofauti ya vipato ni kuweka kima cha chini cha mshahara kinachotosha, na kupanua mikataba ya hali bora iwafikie wafanyakazi wengi zaidi." Utaona "kupitia" limetoka, hapitiwi mtu wala mlango hapo. "Utashughulikiwa" nalo nimelitoa, maana kila ofisi iliyowahi kunizungusha iliniambia suala langu linashughulikiwa.

Kuhusu "usalama wa jamii", hapana. Msomaji wako ataona polisi wa doria na namba ya simu ya dharura. Ni hifadhi ya jamii, na fedha anayopokea mtu kutoka humo, akistaafu, akiumia au akipoteza kazi, ni mafao. Aliyefukuzwa kazi Antwerp anakwenda kudai fao la kukosa ajira. Mwandikieni hivyo, na mmwonyeshe dirisha la kwenda.