Geji Ikidanganya Angani

Geji iliyokufa hainisumbui sana. Mshale umelala sifuri, kila mtu anauona, basi unaipuuza na safari inaendelea. Inayoua marubani ni geji inayosoma namba nzuri tu, namba inayoaminika, kumbe inadanganya. Nimefundisha watu kurusha ndege ndogo kwa muda mrefu, na kila anayetaka kuanza kuruka ndani ya mawingu namwambia jambo hilihili kwanza: usisome geji mojamoja, zisome kiukoo.

Kwenye ndege za kawaida za injini moja, zile zenye dashibodi ya mishale, koo huwa tatu. Ukoo wa kwanza unalishwa na hewa ya nje: kipima mwendo, altimeta (kipima kimo), na kipima kasi ya kupanda na kushuka. Wa pili unalishwa na pampu ya kufyonza hewa inayozungushwa na injini: horizoni bandia, inayoonyesha mkao wa pua na mabawa, na jairo ya mwelekeo, inayoonyesha ndege imeelekea wapi; zote mbili zina gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi, ndiyo jairo yenyewe. Wa tatu ni wa umeme, na mara nyingi yumo mmoja tu, kionyeshi cha kugeuka. Dira ya sumaku haimtegemei yeyote. Geji moja ikianza kupingana na nyingine, tafuta kwanza ni ukoo gani ulioguswa. Ukishaujua, unajua pia nani bado wa kuaminika.

Tuanze na hewa, maana hapo ndipo pana ujanja mwingi. Mrija wa pito, ule unaotokeza chini ya bawa na kupokea hewa inayokuja mbele, humlisha kipima mwendo peke yake. Matundu ya stetiki ubavuni mwa ndege, yanayopokea presha ya hewa ya nje iliyotulia, huwalisha wote watatu. Mrija ukiziba mbele na kitundu chake cha kutolea maji kikabaki wazi, mshale wa mwendo hushuka hadi sifuri. Hiyo ndiyo hitilafu ya kistaarabu. Vikiziba vyote viwili, kwa barafu kwa mfano, presha hunaswa ndani, na tangu hapo kipima mwendo kinafanya kazi kama altimeta: ukipanda kinasoma mwendo unaongezeka, ukishuka unapungua. Sasa mfikirie rubani aliye ndani ya wingu. Anapanda, anaona mwendo unazidi, anainua pua ili aupunguze. Mshale unazidi tena, kwa kuwa bado anapanda. Anainua zaidi. Ndege yenyewe wakati huo inaishiwa mwendo, mpaka mabawa yashindwe kuibeba.

Msidhani ni ugonjwa wa ndege ndogo tu. Februari 1996 Boeing 757 ya Birgenair ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuondoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, watu wote 189 wakafa. Kipima mwendo cha kapteni ndicho kilichokuwa kinadanganya, na sababu iliyoonekana kuwa na uzito zaidi ni nyigu wa udongo kujenga kiota ndani ya mrija wa pito. Mdudu wa kuua kwa kandambili!

Stetiki ikiziba, altimeta inaganda pale ilipo, kipima kasi ya kupanda kinakaa sifuri, na kipima mwendo kinapotoka: ukiwa juu ya kimo ulichokuwapo ilipoziba kinasoma pungufu, ukiwa chini kinasoma zaidi. Hilo la pili ndilo la kuogopa, kwa sababu chini ndiko unakokwenda kutua. Unaona mwendo unatosha, unapunguza nguvu, kumbe huna hata huo uliokuwa nao. Ndege nyingi zina swichi ya stetiki mbadala chini ya dashibodi. Ijue kwa mkono, si kwa macho. Ukiifungua, hewa itachukuliwa ndani ya kabini, ambako presha kwa kawaida ni ndogo kidogo kuliko nje, kwa hiyo altimeta itasoma juu kidogo na mwendo nao utazidi kidogo. Kama ndege haina swichi hiyo, na kabini si ya kujazwa presha, vunja kioo cha kipima kasi ya kupanda. Wanafunzi hucheka nikisema hivi, lakini hewa itaingia na altimeta itafufuka. Ila hicho ulichokivunja usikiamini tena.

Wakati unahangaika na yote hayo, kitu gani kinairusha ndege? Pua na nguvu ya injini. Ndege ileile, kwa uzito uleule, ukiiweka pua palepale na mizunguko ya injini ileile, itakupa mwendo uleule, geji ipende isipende. Chagua siku nyeupe, panda na mwalimu, uandike namba za ndege yako: mizunguko mingapi na pua wapi kwa kupanda, kwa kwenda sawa, kwa kushuka, na kwa kukaribia njia ya kutua. Namba zangu siwapi kwa makusudi, za ndege yangu si za yako. Kisha mwalimu afunike kipima mwendo mtue hivyohivyo. GPS itakusaidia, lakini kumbuka inasoma mwendo wa juu ya ardhi, na upepo umo ndani yake.

Ukoo wa pampu una tabia nyingine. Pampu kavu za kaboni hazina desturi ya kuaga, zinavunjika ghafla. Jairo hazisimami hapohapo, zinaendelea kuzunguka kwa dakika kadhaa huku zikipungua kasi, na horizoni inaanza kulala upande taratibu. Alasiri moja nilikuwa peke yangu juu ya utusitusi mzito uliomeza upeo wote. Horizoni ikaonyesha bawa la kushoto limeshuka kidogo, kiasi cha unene wa mstari. Mkono ulitaka kusahihisha kabla akili haijasema lolote. Nikaangalia kionyeshi cha kugeuka: bawa sawa, hakuna kugeuka. Dira imetulia. Nikaangalia geji ndogo ya kufyonza kule pembeni, ile ambayo hakuna anayeitazama, ambayo siku nzuri hukaa karibu na 5. Ilikuwa sifuri. Nikachana kipande cha karatasi ya mpango wa safari nikakichomeka juu ya kioo cha horizoni, kingine juu ya jairo ya mwelekeo.

Karatasi hiyo ndiyo ushauri wenyewe. Watu huona ni ushamba, wanasema wakishajua geji ni mbovu wataacha kuitazama. Hawataacha. Jicho limezoea kurudi katikati ya dashibodi, na litarudi. Oktoba 2000 huko Marekani, gavana wa Missouri, Mel Carnahan, alikufa na wengine wawili kwenye Cessna 335 iliyokuwa ikirushwa na mwanawe, usiku, hali ya hewa ikiwa mbaya. Rubani alikuwa ameshamwambia mwongozaji wa ndege aliye ardhini kwamba horizoni yake kuu ina matatizo. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali, walihitimisha kwamba alipoteza fahamu ya mkao wake angani, na hitilafu ya geji ile ilichangia. Kugundua hakukutosha.

Ukishafunika, mwambie mwongozaji wazi: nimepoteza jairo. Usione haya. Kwenye rada anaweza kukuongoza bila wewe kusoma mwelekeo wowote, anasema tu anza kugeuka kulia, kisha acha kugeuka. Wewe unageuka kwa kiwango cha kawaida, nyuzi 3 kwa sekunde, ukitumia kionyeshi cha umeme. Kuhusu rubani wa kujiendesha, yaani mtambo unaoirusha ndege wenyewe, jua kabla ya siku hiyo analishwa na nani. Wengine husikiliza horizoni bandia, kwa hiyo watainamisha ndege kwa uaminifu mkubwa kufuata geji iliyolala. Wengine husikiliza kionyeshi cha kugeuka, nao watakuokoa.

Dashibodi za skrini zina adabu zaidi, zikipoteza taarifa kwa kawaida huchora msalaba mwekundu. Lakini mrija wa pito ni uleule, na mrija ukidanganya, skrini inaonyesha uongo huo kwa rangi nzuri.

Ardhini mambo ni machache. Ukiweka presha ya uwanja kwenye altimeta, isipishane na mwinuko wa uwanja kwa zaidi ya futi 75. Ukigeuka ukiwa unatembea kwenda njia ya kurukia, tazama kionyeshi kinafuata na horizoni haiyumbi. Ukianza kukimbia kupaa, sema kwa sauti mwendo uko hai, yaani mshale wa mwendo umeanza kupanda. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kusema "Mwalimu, haupo," akavuta nguvu nyuma bila kuningoja, tukasimama tukiwa na njia tele mbele. Fundi alitoa udongo mkavu ndani ya mrija.

Na ukirudi salama, usiandike kwenye kitabu cha hitilafu "kipima mwendo kibovu" ukaondoka. Fundi ataijaribu ndege ikiwa kavu, ataikuta nzima, na kesho ataipanda mwingine. Andika ulikuwa futi ngapi, unapanda au unashuka, kulikuwa na mvua au barafu, hita ya pito ilikuwa imewashwa au la, altimeta nayo ilifanya nini, na stetiki mbadala ilipofunguliwa nini kilibadilika. Wala usiupulize mrija kwa mdomo ili uusafishe. Pumzi ya mtu inatosha kuharibu geji iliyo upande wa pili, na fundi atakuwa na hitilafu mbili za kutafuta.