Spea za jiko la peleti zinunuliwe Agosti, si Januari

Huku Maine, kuanzia Portland hadi Lewiston, ambako familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda zimehamia, utazikuta nyumba zinazopashwa joto kwa jiko la peleti. Peleti ni vile vijiti vifupi vya unga wa mbao ulioshindiliwa, unene wake milimita 6, vinavyouzwa kwa mifuko ya ratili 40. Jiko lenyewe halifanani na la kuni. Bila umeme haliwaki, na ndani yake mna mota, feni, swichi na kiwashio. Kimoja kikigoma, nyumba inapoa. Likizima usiku wa Januari, nje kukiwa nyuzi 18 chini ya sifuri, hazipiti saa nyingi kabla ya kuanza kuhofia mabomba ya maji kuganda na kupasuka. Na Januari ndiyo mwezi ambao kila mwenye jiko bovu anapigia simu duka lile lile.

Kama umepanga, muulize kwanza mwenye nyumba, maana jiko ni lake. Kama ni lako, anza na kibati cha namba. Hubandikwa nyuma ya jiko au chini ya mfuniko wa tangi la peleti. Kipige picha: modeli, namba ya jiko, tarehe ya kutengenezwa. Majiko mawili ya jina moja yaliyotengenezwa miaka tofauti yanaweza kutumia mota tofauti kabisa, kwa hiyo jina peke yake halitoshi kuagizia kitu.

Spea ya kwanza kuweka ndani ni kiwashio. Ni kijiti cha unene wa kalamu kinachokaa nyuma ya bakuli la moto na kuwasha peleti kwa hewa ya moto. Kila mara jiko linapowashwa, kiwashio hupata joto kali kisha hupoa, ndiyo maana huchoka mapema, hasa pale thamostati (kidhibiti joto) inapowasha na kuzima jiko mara kadhaa kwa siku. Dalili yake: peleti zinaingia, feni inazunguka, bakuli linajaa, moto hakuna.

Kabla hujakihukumu, angalia tundu la bakuli lililo mbele yake. Majivu yakiyeyuka na kuganda huwa bonge gumu kama kioo. Bonge likiziba tundu, hewa ya moto haizifikii peleti, na kiwashio chenyewe kinajiunguza kwa kuwa joto lake halina pa kutokea. Jiko likiwa limepoa, likwangue kwa bisibisi, ujaribu tena. Ukitaka uhakika, chomoa plagi ukutani, toa nyaya mbili za kiwashio, upime kwa multimita (kipima umeme). Cha voliti 120 na wati 300 husoma karibu omu 48. Kisiposoma chochote, kimekatika.

Majiko mengi yanaruhusu kuwashwa kwa mkono wakati huo (kitabu cha jiko kitakuambia): konzi ya peleti bakulini, jeli ya kuwashia kidogo juu yake, kiberiti, kisha unafunga mlango jeli ikishashika. Chupa moja ya jeli iwepo ndani. Lakini usiongeze jeli kwenye bakuli lenye moto au makaa hata kidogo. Mvuke wake hulipuka, na uso wako uko karibu.

Ya pili ni mota ya kulishia, ile inayozungusha parafujo ndefu ya kusukuma peleti. Hapa watu hukosea sana wanapoagiza. Soma kwenye mota ya zamani inazunguka mara ngapi kwa dakika, mara nyingi 1 au 2 tu, na inaelekea upande gani, wa saa au kinyume chake, ukiitazama kutoka ncha ya shafti. Yenye upande usio wake itazirudisha peleti tangini. Yenye mizunguko 2 badala ya 1 italisha maradufu, na bakuli litafurika. Mota iliyokwisha meno husikika ikigonga na kurudi nyuma badala ya kuzunguka. Parafujo iliyoziba kwa vumbi la peleti nayo hutoa kelele kama hiyo, kwa hiyo legeza skrubu inayoiunganisha na mota, washa. Mota ikizunguka vizuri peke yake, usiinunulie mwenzake. Toa peleti zote, nyonya vumbi.

Feni ya kutoa moshi hutangaza kifo chake mapema: inalia jiko linapowaka likiwa baridi, kisha inanyamaza ikipata joto. Ukisikia hivyo Machi, agiza Agosti. Agiza pamoja na gasketi yake, kile kibamba kinachoziba kiungo kisivuje, kila mara. Gasketi ya zamani ikirudishwa huvuja, na kinachovuja ni moshi wenye kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kagua pia king'ora cha gesi hiyo: betri mpya, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa mgongoni mwake.

Swichi za joto ni vidude vidogo vya duara, bei yake ndogo, nunua kila aina moja. Namba iliyo juu yake ni joto kwa Farenihaiti. Mara nyingi hutanguliwa na herufi: L hukata umeme joto linapopanda, F huunganisha. F ikifa, jiko huwaka vizuri kisha hujizima baada ya muda mfupi, likidhani hakuna moto. Wapo wanaounganisha nyaya moja kwa moja ili kuiruka ile L. Msifanye hivyo. Ndiyo inayozuia moto kurudi nyuma mpaka kwenye tangi la peleti.

Swichi ya mvuto wa hewa, ile inayozuia jiko kufanya kazi hewa isipovutwa vizuri, hulaumiwa bure. Kikagueni kimpira chake cha silikoni kama kimepasuka au kimejaa majivu. Kichomoe kwenye swichi, upulize kuelekea upande wa jiko. Ukipuliza kuelekea swichi utapasua ngozi yake nyembamba. Mita moja ya mpira huo yatosha miaka.

Kamba ya mlango, ile inayoziba ukingo wa mlango wa jiko, pimia unene wa ile ya zamani mahali isipobanwa. Kuijaribu: fungia noti ya dola mlangoni, vuta. Ikitoka bila kushikwa, kamba imekwisha. Unapobandika mpya usiivute, maana ikivutwa hukonda.

Ongeza fyuzi tano za ampea zile zile, kamwe si kubwa zaidi. Ubao wa umeme unaoongoza jiko uache dukani. Ni ghali, na mara nyingi unalaumiwa kwa kosa la swichi au fyuzi.

Vikifika, pima viwashio na swichi siku hiyo hiyo, kabla muda wa kurudisha haujapita. Weka vyote kwenye sanduku moja mahali pakavu, pamoja na bisibisi na tochi, na kwenye mfuniko uandike namba ya jiko na tarehe ya kila kilichobadilishwa.