Re: Unga wa mlonge umegeuka kahawia

Habari ndugu. Umesema majani ya mlonge uliyoanika juu ya bati yamegeuka kahawia, na unataka kumpa mama mwenye sukari. Cheki kwanza hilo jua, maana jua letu la Dodoma linaua vitamini A, sisi huku Chamwino tunaanika ndani kivulini kwenye shuka safi, ukifinya jani likavunjika ndo unatwanga, kisha unafunika vizuri mbali na mwanga. Weka kijiko kwenye uji au mlenda ukishaepua, usichemshe nao. Mizizi usimpe kabisa, ina sumu. Na kama mama anameza dawa za sukari, mlonge unaweza kuishusha zaidi, hapo dozi siwezi kukupangia, muulizeni daktari wake kwanza tafadhali.