Uvimbe wa goti umeisha, arudi uwanjani?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Binti yangu ana miaka 19, anasoma chuo hapa Dodoma na anacheza netiboli. Mwezi uliopita aliruka kudaka mpira, akatua kwa mguu mmoja huku akigeuka, akasikia "pwa!" ndani ya goti. Jioni hiyohiyo likavimba. Eksirei ikaonyesha mfupa mzima. Bibi yake akamkanda kwa maji ya moto. Sasa uvimbe umekwisha na anatembea, ila akigeuka ghafla anasema goti linamkimbia. Kuna bonanza karibuni na kocha anamtaka. Acheze?
Mama wa mchezaji, Nkuhungu

JIBU: Mama, pole, na binti mpe pole yangu. Asicheze. Hata kwa bandeji, hata dakika kumi za mwisho.

Mlio, kuvimba ndani ya saa chache, kisha goti kukimbia: hayo matatu yakikutana nashuku kano ya mbele ya msalaba, ile iliyo katikati ya goti inayozuia mfupa wa ugoko usiteleze kwenda mbele. Eksirei huonyesha mifupa, kano haionekani. Uvimbe ule huenda ulikuwa damu, na damu hunyonywa na mwili. Kano hii ikikatika kabisa, mara nyingi haijiungi vizuri yenyewe. Anatembea kwa sababu kwenda moja kwa moja hakuhitaji sana kano hiyo. Akikata kona ndipo pengo linapoonekana. Na kila goti linapokimbia, linaweza kuchana gegedu zilizo kati ya mifupa, na hapo ndipo kusagika kwa goti kunapoanzia angali kijana. Wanaonisikitisha zaidi kliniki ni hawa waliorudi uwanjani kwa kuwa uvimbe ulikwisha.

Mpelekeni kwa daktari wa mifupa, Hospitali ya Benjamin Mkapa au ya Rufaa ya Mkoa. Atalipima goti kwa mikono, na akiona haja ataagiza MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha hata kano. Goti likikwama lisinyooke, nendeni siku hiyohiyo.

Upasuaji si lazima kwa kila mtu. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2010, wa vijana 121, ulilinganisha kupasuliwa mapema na kuanza na mazoezi tiba, anayehitaji akapasuliwa baadaye. Baada ya miaka miwili hali za magoti yao hazikutofautiana. Kwa netiboli, yenye kuruka na kugeuka, huenda daktari akashauri upasuaji. Basi ahesabu angalau miezi tisa kabla ya mechi. Kwa njia yoyote, misuli ya paja ndiyo tegemeo. Aanze leo: alale chali, akaze paja, ainue mguu ulionyooka, mara kumi, asubuhi na jioni, mradi haumii.

Bibi mshukuru, ila siku mbili tatu za kwanza maji ya moto na kukanda huongeza uvimbe. Ni barafu ndani ya kitambaa dakika 15 hadi 20, bandeji, na mguu uinuliwe.

Kocha nina neno naye. Wasichana huumia kano hii zaidi ya wavulana katika michezo ya aina hii, na viwanja vyetu wakati wa kiangazi ni vigumu kama sakafu. Awafundishe kutua kwa miguu yote miwili, magoti yakiwa yamekunjwa, yasiangukiane kwa ndani. FIFA ina mazoezi ya kupasha mwili yaitwayo 11+, ya dakika 20 tu, yasiyohitaji vifaa zaidi ya mpira. Yalitungwa kwa soka, lakini kutua ni kulekule. Ayafanye angalau mara mbili kwa wiki, na timu nzima, siyo waliokwisha kuumia peke yao.