Jeni "hudhibiti" mafuta ya mchikichi?

Swali: Natafsiri somo la baiolojia kwa wanafunzi wa sekondari hapa Kigoma. Nimeandika: "Jeni inadhibiti uzalishaji wa asidi mafuta katika tunda la mchikichi." Mwenzangu anataka niondoe jeni, niweke kinasaba. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwenzako kalikamata neno lisilo na kosa. Kinasaba ni neno zuri, limetoka kwenye nasaba, lakini Mtanzania akisikia vinasaba huwaza vipimo vya kumtambua baba wa mtoto, yaani DNA kwa jumla. Ukitaja jeni moja kwa jina lake, jeni hukaa vizuri zaidi: jeni hii, jeni hizi.

Mimi ningekuuliza habari ya kudhibiti. Serikali hudhibiti magendo, daktari hudhibiti kisukari, mkulima hudhibiti magugu. Kote humo mna kubana, kuzuia kitu kisivuke mpaka. Mwanafunzi akisoma kwamba jeni inadhibiti mafuta, atadhani inayapunguza.

Sasa tazama mambo yenyewe yalivyo. Mchikichi na mtende ni wa ukoo mmoja, lakini nyama ya tende hujaa sukari, ilhali ya chikichi, ukiondoa maji, huweza kuwa mafuta kwa asilimia 90. Watafiti waliolinganisha matunda hayo walieleza mwaka 2011 kwamba jeni iitwayo WRI1 ilikuwa ikifanya kazi katika chikichi mara 57 zaidi kuliko katika tende. Kazi ya jeni hiyo ni kuziamsha nyingine zinazohusika na kuunda asidi za mafuta. Huko ni kuchochea, wala si kudhibiti. Ukikutana na jeni ya kinyume chake, sema huzuia au huzima. Na pale maandishi unayoyatafsiri yasiposema inaelekea upande gani, huongoza yatosha.

Uzalishaji nao unanipeleka kwenye kinu cha kukamulia mawese. Ndani ya seli, sema uundaji.

Asidi mafuta haivunji sarufi, maana tunao askari kanzu na bata mzinga. Hata hivyo mgeni wa somo anaweza kuisoma kama vitu viwili, asidi na mafuta, hasa ikitanguliwa na orodha. Asidi ya mafuta haina utata, na wingi wake ni asidi za mafuta. Kwa mawese utakazozitaja zaidi ni palmitiki na oleiki, kwa kuwa ndizo nyingi humo.

Basi ningeandika: "Jeni ya WRI1 huchochea uundaji wa asidi za mafuta katika nyama ya chikichi." Umeona nimeandika huchochea, si inachochea. Hiyo hu- ni ya jambo la kawaida, la siku zote. Inachochea iache kwa chikichi ulilolichunguza maabara leo asubuhi.