Kompyuta ya 2013 inayochukua dakika kumi kuwaka

Unauliza kama ununue kompyuta mpya, kwa sababu hiyo yako ya 2013 yenye GB 4 za RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) inachukua dakika kumi kuwaka. Usinunue mpya bado, mkubwa. Badilisha diski kwanza. Dakika kumi kwa mashine ya umri huo mara nyingi ni ile diski ya zamani ya kuzunguka. Weka SSD (diski ya kisasa isiyozunguka, yenye kasi) ya inchi 2.5 inayotumia plagi ya SATA, GB 240 zinatosha kwa mambo ya nyumbani, halafu pandisha RAM kutoka hizo GB 4 hadi 8. Natengeneza kompyuta hapa Kondele, na nyingi zinazoletwa eti zimekufa hurudi kwao zikiwa zimebadilishwa hivyo viwili tu. RAM ya miaka hiyo kwa kawaida ni aina ya DDR3, kwa hivyo fungua usome kibandiko kabla ya kulipa. DDR4, aina iliyofuata, haiingii hapo hata uisukume vipi.

Ila Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa (chipu kuu ya kompyuta) za Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache. Yako haifiki. Kama ni ya watoto kusomea na kuandika barua, weka Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ni ya bure. Kama kazi yako inadai Windows, hiyo pesa itumie kutafuta kompyuta ya mtumba yenye prosesa ya kizazi cha 8.

Na ikiwa huwa inajizima baada ya stima kupotea na kurudi, pima pawa saplai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme) kabla ya kununua chochote. Bodi kubwa (motherboard) ikiwa imeungua, hapo achana nayo.