Kabla hujaiga maumbile, angalia unayeyusha kwa kitu gani

Wadogo zangu wanaoanza shahada ya uzamili katika kemia au sayansi ya nyenzo huniandikia wakiwa wameshachagua mada, na mara nyingi mada yenyewe inataja kuiga maumbile na kulinda mazingira. Hunifurahisha kila mara, maana ndiyo kazi niliyoipenda tangu nilipoanza kushughulika na tando za lipidi, yaani jamii ya mafuta na nta. Ushauri wangu wa kwanza kwao ni uleule siku zote: kabla hujaniambia nyenzo yako itafanya nini, niambie umeiyeyusha kwa kitu gani.

Chukua jani la jimbi. Limwagie maji, utaona yanajikusanya kuwa matone ya mviringo na kuporomoka yakibeba vumbi. Ukiinama ukalitazama tone kwa upande, chini yake kuna mng'ao wa fedha. Huo mng'ao ni hewa iliyonaswa kati ya maji na vivimbe vidogo mno vya ngozi ya jani, ambavyo vimefunikwa kwa nta. Wataalamu wa mimea wa Ujerumani, Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis, waliandika juu ya jambo hili mwaka 1997 wakichunguza yungiyungi, na tangu hapo maabara nyingi zimetengeneza vitambaa, vioo na rangi zinazokataa maji. Shida ni kwamba kazi nyingi katika hizo zimefika hapo kwa kemikali za florini, zile ambazo karibu haziozi kabisa, na ambazo leo zinakutwa kwenye maji na hata kwenye damu za watu. Jimbi halina haja ya florini. Lina nta, yaani lipidi, iliyotengenezwa ndani ya jani lenyewe, nayo huoza jani likianguka. Aliyeiga vile vivimbe akaiacha nta, kwa upande wa mazingira hajaiga kitu.

Utando wa seli unafundisha somo hilohilo kwa undani zaidi. Molekuli ya fosfolipidi ina kichwa kinachovutwa na maji na mikia miwili inayoyakimbia. Zitie majini, zinajipanga zenyewe katika safu mbili, mikia ndani, vichwa nje, unene wa nanomita 4 hadi 5 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Hakuna tanuri wala gundi. Mwaka 1925, huko Leiden, Gorter na Grendel walizitoa lipidi kwenye seli nyekundu za damu, wakazitandaza juu ya maji, wakakuta eneo lake ni kama maradufu ya eneo la seli zenyewe. Hapo ndipo wazo la safu mbili lilipoanzia. Sasa fikiria: kitu kinachojijenga chenyewe ndani ya maji, sisi tunaanza kukijenga kwa klorofomu, kiyeyushi chenye klorini.

Najua kwa nini. Njia hiyo imezoeleka na makala nyingi utakazosoma zinaieleza. Mimi pia nimeitumia sana. Unayeyusha lipidi kwa klorofomu, unaikausha ndani ya chupa ya duara mpaka ubaki utando mwembamba wa manjano ukutani mwa chupa, unatia maji ya uvuguvugu, unatikisa, na maji yanakuwa meupe kama maziwa. Ukiyasukuma kupitia chujio lenye matundu ya nanomita 100, weupe unafifia, na ukiinua chupa mbele ya mwanga unaona usamawati hafifu. Usamawati huo ndio dalili kwamba liposomu zako, yaani vifuko vidogo vya utando wa lipidi vyenye maji ndani, zimekuwa ndogo. Katika kazi zote za maabara, hiyo ndiyo dakika ninayoipenda kuliko nyingine.

Lakini usamawati huohuo unapatikana kwa ethanoli. Batzri na Korn walionyesha mwaka 1973 kwamba ukiyeyusha lipidi kwenye ethanoli, kisha ukaichoma kwa sindano nyembamba ndani ya maji yanayokorogwa, liposomu ndogo zinajitengeneza papo hapo. Ethanoli hupatikana kwa kuchachusha molasi, na haikulazimishi kutafuta mahali pa kutupa taka zenye klorini. Ina gharama yake: liposomu zinatoka zikiwa chache ndani ya maji mengi, na lazima uiondoe ethanoli baadaye. Mimi naona gharama hiyo inalipika, hasa kwa anayeanza na lekithini, yaani mchanganyiko wa fosfolipidi, ya soya au ya kiini cha yai, ambayo ni rahisi kuliko lipidi safi zinazoagizwa nje kwa miligramu.

Lekithini hizo lakini zinataka kutunzwa. Mikia yake ina vifungo maradufu, na oksijeni huvishambulia polepole. Zigawe kwenye vichupa vidogo vya kioo, fukuza hewa kwa nitrojeni, weka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Umeme ukikatika usiku, kaa na friza imefungwa. Na usifungue kichupa kikiwa bado baridi. Kiache kwanza kifikie joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewani utaingia wote ndani. Maji nayo yawe yaliyosafishwa kweli: kalsiamu ya maji ya kisima huzishikanisha lipidi zenye chaji hasi zilizomo kwenye lekithini ghafi, ukaamka unakuta mabonge.

Joto liandike kwa nyuzi, siku zote. Makala ya Ulaya ikisema "joto la chumba", mara nyingi ni nyuzi 20 na kidogo. Lipidi iitwayo DMPC huacha ugumu na kuwa teketeke kwenye nyuzi 24 hivi. Kwa hiyo utando uleule ni mgumu kwao, na ni teketeke Dar es Salaam mwezi wa Februari kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Matokeo yako yakitofautiana na yao, tazama kipimajoto kabla hujaanza kujilaumu. DPPC, lipidi nyingine, inayobadilika kwenye nyuzi 41, haikusumbui hivyo, ila lazima maji yake yapite joto hilo wakati wa kuitengeneza.

Wengi wenu mnaotoka pwani, ambako visima vina chumvi, mnataka kufanya kazi ya akwaporini, na nawaunga mkono. Ni protini ya kwenye utando inayopitisha takriban molekuli bilioni 3 za maji kwa sekunde huku ikizuia chumvi. Peter Agre alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003 kwa kuigundua. Watafiti wameshaitia kwenye liposomu na kuzipachika juu ya vichujio vya kusafishia maji. Ila kagua kile kichujio cha chini. Mara nyingi ni polisulfoni, plastiki inayotengenezwa kwa viyeyushi kama dimethilifomamidi, ambacho Umoja wa Ulaya umekiorodhesha kati ya kemikali zinazodhuru uzazi. Hapo ndipo pana kazi ya uzamili: jaribu selulosi, ile inayojenga nyuzi za mimea, badala yake, kutoka kwenye mkonge au makumbi ya nazi, na utafute namna ya kuiandaa kwenye maji. Ukifaulu hata nusu, andika.

Na kabla hujaandika kwamba inaoza, ioze kweli. Pima uzito wa kipande, kizike kwenye udongo wenye unyevu, kifukue kila mwezi, kisafishe, kikaushe, ukipime tena. Kando yake zika kipande cha karatasi ya kuchujia, ambayo ni selulosi tupu. Karatasi hiyo isipopungua, udongo wako hauna vijidudu vya kutosha, na jaribio zima linaanza upya kwenye udongo mwingine.